Mgongo wa Farasi Hausemi Uongo

Farasi aliyevishwa tandiko baya kwa muda mrefu huota nywele nyeupe. Hutokea pande mbili za kiinuko cha mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, na wageni wengi hudhani ni alama za kuzaliwa. Sivyo. Tandiko limekandamiza ngozi siku baada ya siku, damu ikakosa njia, ngozi ikaumia, na chembe zinazotia nywele rangi zikafa. Nywele zinazoota baada ya hapo huwa nyeupe. Hata akibadilishiwa tandiko, hata akipumzishwa miaka, mara nyingi alama haiondoki. Nimefanya kazi na farasi sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza nikiwa saisi, baadaye nikiwa mwalimu wa kupanda, na kila ninapoletewa farasi mgeni hutazama hapo kabla ya kutazama miguu au meno. Wanafunzi wangu huniuliza vifaa gani vya lazima kwa upandaji wa Kiingereza. Majibu ninayo, na nitayatoa hapa, lakini yote nimeyajifunza kwa kuangalia migongo na midomo ya farasi.

Nilizaliwa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na kila mzigo, uwe mchanga, mawe au mbao, huja kwa punda. Mjomba wangu alikuwa na punda wa kazi. Kila jioni, akishateremsha soji, alipitisha kiganja mgongoni mwa mnyama taratibu, akitafuta joto au uvimbe. Akipata, kesho yake punda yule habebi kitu, hata kama mwenye nyumba anangoja mawe. Mwaka 1987, nikiwa mtoto, shirika la hisani la Uingereza lilifungua kituo cha kutibu punda mjini kwetu, na waliopelekwa pale wengi walikuwa na vidonda vya kamba na mizigo. Punda wa mjomba alipita mlango ule mara chache. Wakati huo sikujua kwamba mkono ule wa jioni ungekuja kuwa riziki yangu.

Ukubwani, kazi ilinipeleka Nairobi, kwenye shule ya kupanda farasi upande wa Ngong. Farasi hawakuwa wanyama wa asili wa bara ya Kenya. Mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi viliwazuia kwa karne nyingi, na ndiyo maana mizigo ya misafara ya zamani kutoka pwani ilibebwa mabegani na wapagazi. Walowezi wa Kiingereza walipofika nyanda za juu, kwenye baridi na wadudu wachache, walileta farasi, na pamoja nao wakaleta mbio, vilabu na matandiko yao. Mbio za Kenya Derby zilianza mwaka 1914. Hadi leo, farasi wengi kwenye shule za kupanda za Nairobi ni wale waliostaafu mbio: warefu, wembamba, wenye kiinuko kikali cha mabega. Ni maumbile magumu kuyapatia tandiko.

Mkuu wa masaisi alikuwa mtu wa Machakos aliyekwisha kuzeekea kazini. Siku ya kwanza nilimwamkia, “Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umetoka wapi?”

“Lamu.”

“Lamu kuna punda,” akasema. “Basi mkono wako unajua kazi. Jicho ndilo nitakalokufundisha.”

Hakunipeleka kwa farasi. Alinipeleka chumba cha matandiko, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kusafisha ngozi. Jasho la farasi lina chumvi, chumvi hukausha ngozi, na ngozi kavu hupasuka. Kwa hiyo kila kilichotoka kazini kilipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, kikapakwa sabuni ya glisarini kwa sifongo iliyokamuliwa mpaka karibu ikauke, kwa kuwa povu jingi ni maji na maji huidhoofisha ngozi. Mafuta yalitiwa mara mojamoja na kwa kiasi: ngozi iliyoloweshwa mafuta hulegea na kuvutika. Nilipokuwa nasugua, Mzee alitaka vidole vyangu visome. Nikunje kila mkanda nitazame kama una nyufa. Nivute kila mshono, hasa pale bizimu inaposhikiliwa, kwa sababu hapo ndipo uzi huoza bila kuonekana. Fundi wa ngozi aliyetutengenezea alishona kwa uzi mmoja uliopakwa nta na sindano mbili, zikipishana katika kila tundu, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono uliobaki usifumuke. Mishono ya mikanda ya vikuku na ya mkanda wa tumbo ndiyo inayomshikilia mtu juu. Hakuna saisi anayeisafisha kwa haraka akaaminika.

Baadaye ndipo nilipofundishwa tandiko lenyewe, na hapa nitakawia, kwa kuwa ndicho kifaa ghali kuliko vyote na ndicho kinachoumiza zaidi. Tandiko la Kiingereza huonekana jepesi, lakini ndani lina kiunzi, kwa desturi cha mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja na kuimarishwa kwa chuma, siku hizi hata cha plastiki ngumu. Chini ya kiunzi kuna mito miwili iliyojazwa sufu, na katikati ya mito hiyo mfereji unaopita juu ya uti wa mgongo bila kuugusa. Uzito wa mpandaji unapaswa kukaa kwenye nyama za pande mbili. Ukikaa kwenye mfupa, umemuumiza. Baadhi ya matandiko yetu yalikuwa na muhuri wa Walsall, mji wa katikati ya Uingereza uliosifika kwa kazi hii tangu karne ya 19, mpaka timu yake ya mpira ikapewa jina la utani la watengeneza matandiko. Lakini Mzee alituambia muhuri hauketi mgongoni.

Kupima alipima hivi. Tandiko huwekwa tupu, bila kitambaa chini, mbele kidogo ya mahali pake, kisha husukumwa nyuma ili nywele zilale. Kati ya kiinuko cha mabega na upinde wa mbele lazima vidole viwili au vitatu vipite, na vipite hata mpandaji akishaketi. Ukisimama nyuma uone mwanga kupitia mfereji, mwanzo hadi mwisho. Mito iguse mgongo kwa usawa bila kuacha pengo katikati. Mwisho wa tandiko usivuke ubavu wa mwisho, maana baada ya hapo mgongo hauna mbavu za kuutegemeza. Bega lazima liwe huru kusogea. Kisha farasi afanye kazi, avuliwe, na mgongo usomwe: jasho likiwa sawa pande zote, vema. Ukiona kipande kikavu katikati ya majimaji, hapo pamekandamizwa kiasi kwamba hata jasho limeshindwa kutoka. Vipande vikavu hivyo ndivyo huja kuwa nywele nyeupe.

Upimaji huu haufanywi mara moja ukaisha. Farasi aliyetoka kwenye mbio akiwa mwembamba hujaza misuli, aliyepumzishwa hunenepa, na sufu ndani ya mito hugandamana. Kitambaa cha chini ya tandiko kazi yake ni kunyonya jasho na kulinda ngozi ya tandiko. Kinapaswa kuvutwa juu kuingia kwenye mfereji, kisikaze kiinuko cha mabega. Kuongeza vitambaa vinene ili kuokoa tandiko linalobana ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kidogo.

Umbo la tandiko nalo lina sababu. Hapo zamani waruka viunzi waliketi wakiegemea nyuma, miguu mirefu, wakimvuta farasi mdomo hewani. Kapteni wa jeshi la farasi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu, akaona jinsi wanavyonyoosha shingo na mgongo, kisha akafupisha vikuku na kumfundisha mpandaji kuinuka na kwenda mbele pamoja na mnyama. Ndiyo maana tandiko la kuruka lina mabawa yaliyosogea mbele, na lile la mazoezi ya madaha (dressage) lina kiti chenye kina na mabawa marefu yaliyonyooka. Anayeanza hutumia lile la katikati, la kazi zote. Caprilli alibadilisha upandaji wa dunia nzima kwa kumwangalia farasi kwanza na mpandaji baadaye, na mimi humtaja darasani kwa sababu hiyo.

Mkanda wa tumbo hukazwa kwa awamu: kidogo banda­ni, kidogo kabla ya kupanda, tena baada ya kutembea hatua kadhaa, kwa sababu farasi wengi hujaza kifua wanapohisi unakaribia. Ukiukaza kwa nguvu mara moja, utamfundisha kukuuma. Vikuku viwe vipana kuliko buti kwa kama sentimita 2.5. Vikibana, mguu hunasa, na vikizidi upana, mguu mzima hupenya. Kuburutwa na farasi anayekimbia ndiyo hatari kubwa kuliko kuanguka kwenyewe. Kwa hiyo ile ndoana ya chuma inayoshikilia mkanda wa kikuku kwenye tandiko ina kifungio, na kifungio hicho huachwa wazi mpandaji anapokuwa juu, ili akianguka mkanda wote uchomoke. Watoto wetu wanatumia vikuku vyenye mpira upande wa nje, unaofyatuka mguu ukikwama. Na kwa kuwa watu hupanda kutokea kushoto, mkanda wa kushoto huvutika haraka, basi mikanda hubadilishwa pande mara kwa mara. Kipandio cha mbao, ngazi mbili au tatu tu, humwondolea farasi mvuto ule wa mgongoni na hurefusha maisha ya kiunzi. Ni kifaa rahisi kuliko vyote, na shule nyingi bado hazina.

Sasa nije mdomoni. Kati ya meno ya mbele na magego, taya la farasi lina nafasi isiyo na jino, ngozi nyembamba juu ya mfupa. Hapo ndipo lijamu inapolala. Ya kawaida kwa anayeanza ni ile nyepesi yenye kiungio katikati na pete mbili za vigwe. Ipimwe: farasi wengi wa ukubwa wa kawaida huhitaji upana wa sentimita 12 hadi 14, na kila upande ibaki nafasi ya nusu sentimita hivi kati ya pete na pembe ya mdomo. Ikining'inia itagonga meno, ikipandishwa mno itachana midomo. Mkunjo mdogo mmoja au miwili kwenye pembe za mdomo inatosha. Ukanda wa koo uache nafasi ya ngumi, ule wa puani uache vidole viwili. Na lijamu nyembamba ni kali kuliko nene, kwa sababu nguvu ileile inakaa kwenye eneo dogo. Asubuhi za Julai, Nairobi inapotoa moshi mdomoni, Mzee alishika lijamu viganjani mpaka ipate joto ndipo amvishe farasi. Vijana wapya walimcheka. Kisha walijionea jinsi farasi wake walivyoinamisha kichwa wenyewe kuipokea.

Kisa kimoja kilinionyesha jinsi vifaa hivi vinavyoshikana. Alikuja mama mmoja mwenye farasi wake, mnyama wa kahawia aliyestaafu mbio, mpole. Alileta tandiko jipya la bei kubwa alilonunua ng'ambo. Mzee aliliweka tupu, akainama, akapima kwa vidole, akanyanyuka. “Mama, hili halimtoshi. Linambana mabegani.” Yule mama alijibu kwamba aliyemuuzia ni mtaalamu. Mzee alikuwa saisi, na kauli ya saisi iliishia hapo. Farasi akatandikwa.

Baada ya muda farasi yule alianza kurudisha masikio nyuma akiona tandiko. Kisha akaanza kuuma. Kisha akikimbia alirusha miguu ya nyuma na kuinua kichwa kukwepa mkono. Ikasemwa amekuwa mkaidi. Mwalimu wa yule mama akaleta lijamu kali yenye mnyororo chini ya kidevu, na ukanda wa puani ukakazwa ili asiweze kufungua mdomo. Sasa alikuwa na maumivu mgongoni na maumivu mdomoni, na hakubaki na sehemu hata moja ya kuyasemea. Sisi tuliokuwa tukimvua tandiko tuliona kila jioni vipande viwili vikavu katikati ya jasho. Mzee alinionyesha, akasema polepole, “Wanaadhibu kilio.” Mwishowe daktari wa mifugo aliitwa kwa sababu nyingine, akaubonyeza mgongo, farasi akadidimia karibu apige magoti, na daktari akaagiza tandiko lile lisimguse tena. Alipumzishwa, akapatiwa jingine, akarudi upole wake na lijamu yake nyepesi. Zile nywele nyeupe ziliota, na zilibaki.

Kisa hiki hunikumbusha Anna Sewell, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa kilema wa miguu na aliyetegemea farasi sehemu kubwa ya maisha yake. Kitabu chake, Black Beauty, kilitoka mwaka 1877, miezi michache kabla hajafariki. Aliandika kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na farasi, na alipinga kigwe kilichokazwa kuwainulia farasi wa magari vichwa ili wapendeze, huku kikiwaumiza shingo na pumzi. Wasomaji waliguswa, na kigwe kile kikaanza kuachwa. Sewell alielewa kwamba chombo kinachompendeza mtazamaji kinaweza kumtesa anayekivaa, na kwamba anayekifunga kila asubuhi ndiye wa kuzungumza naye.

Na mpandaji je? Kifaa chake cha kwanza ni kofia ngumu, na hapa sina maelewano na mtu. Ganda la nje huzuia kitu chenye ncha, lakini kinachookoa ubongo ni povu gumu la ndani, ambalo hupondeka na kumeza nguvu ya pigo. Likishapondeka halirudi, hata kama kwa nje kofia inang'aa. Kwa hiyo kofia iliyoanguka na mtu hustaafu siku hiyohiyo. Buti na suruali nunua mitumba bila wasiwasi. Kofia usinunue, maana hujui imegonga nini. Ikae sawa juu ya nyusi, isiegemee nyuma, na ukiitikisa ngozi ya paji isogee nayo. Tafuta ndani alama ya vipimo vinavyotambulika, kama PAS 015 ya Uingereza au ASTM F1163 ya Marekani.

Zamani mabingwa wa madaha walivaa kofia ndefu za hariri zisizokinga kitu. Mwezi Machi 2010, Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 2008, alikuwa mazoezini bila kofia ngumu. Farasi alijikwaa, wote wakaanguka, na alizimia kwa wiki kadhaa kutokana na jeraha la ubongo. Alipopata nafuu alitumia jina lake kuhimiza kofia ngumu, na tangu Januari 2021 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limeilazimisha kwa wapandaji wote wa madaha katika mashindano yake. Farasi yule hakuwa mkorofi. Alijikwaa tu, na farasi yeyote anaweza kujikwaa.

Buti ziwe na kisigino cha kama sentimita 2.5 na soli isiyo na meno makubwa, ili mguu usipenye wala kunasa kwenye kikuku. Raba hazifai.

Mwenye fedha kidogo aanze hivi: kofia mpya, buti zenye kisigino, kisha brashi na chuma cha kuchokolea kwato, maana tope chini ya tandiko huchubua na jiwe kwatoni huchechemeza. Tandiko lingoje. Ukifika wakati, lililotumika la ngozi nzuri na kiunzi kizima ni bora kuliko jipya la bei rahisi. Lishike mbele na nyuma, lisukume kama unayetaka kulikunja: likijikunja au kulia, kiunzi kimevunjika. Na usilinunue kabla hujamjua farasi litakayemkaa.

Mzee amekwisha kustaafu. Ninapoendesha masomo sasa, nimeweka kanuni moja aliyostahili kupewa yeye. Saisi anayemtandika farasi ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema leo hatoki, hatoki, na hatuulizi nani amelipa wala tandiko limegharimu kiasi gani. Wateja wengine wamekasirika na kuondoka, nami nimewaacha waende. Shule nyingi zina chumba kizuri cha matandiko na watu wanaokijua kila mshono wake, lakini watu hao hawaulizwi kitu mpaka daktari aitwe. Vifaa vyote nilivyovitaja hapa vinaweza kununuliwa. Masikio ya kumsikiliza anayegusa mgongo kila siku hayauzwi dukani. Huamuliwa na mwenye shule, na yanaweza kuamuliwa leo.